Ombi la Kumvua Binti Yangu Jina la Mama Yangu

Kajetani Luambano,
Nyumba za Shirika,
Bombambili, Songea.
20 Septemba 1994

Kwa Baba Paroko.

Tumsifu Yesu Kristo.

YAH: KUBADILISHIWA MTOTO JINA KABLA YA MWISHO WA MWEZI

Baba, natumaini barua hii itakukuta u mzima, umekwisha kunywa chai, na kioo cha dirisha la ofisi yako kimekwisha kurudishwa. Habari za kioo kile sizileti tena. Nina makubwa zaidi.

Mimi ni Kajetani, muumini wako wa benchi la nyuma. Nilikuwa karani wa ghala katika shirika la mazao ambalo sitalitaja jina, kwa kuwa limekufa na marehemu hasemwi. Tangu kiangazi kianze nimo nyumbani. Wenzangu husema tumefukuzwa, lakini barua niliyopewa inasema tumepunguzwa, nami ni mtu wa kufuata barua inavyosema. Mke wangu Lidwina sasa anauza vitumbua sokoni kutoka alfajiri, na mtoto nimeachiwa mimi. Zamani nilikuwa natoka kazini yeye keshalala, naondoka hajaamka, na tulipendana sana. Kufahamiana tumefahamiana mwaka huu.

Mtoto huyo ana miaka minane, yuko darasa la pili, na jina lake, ulilomtamkia wewe mwenyewe ukimmiminia maji kichwani, ni Kunegunda. Ni jina la mama yangu mzazi, aliye hai huko Hanga, analima mahindi, anauza ugoro, na mpaka leo ana nguvu kunishinda. Ninachoomba, kwa heshima zote, ni kwamba umvue mtoto jina hilo na kumvika jingine nitakalolitaja mbele, ili niweze kumchapa.

Utaniuliza kwa nini nisimchape hivihivi. Baba, wewe ni mtu wa huku huku, mila unazijua. Mtoto mwenye jina la mama yako ni mama yako. Tangu akiwa mchanga tulimwita Mama. Akilia usiku, Lidwina alikuwa akinitikisa bega na kusema niamke, mama yangu ana njaa. Tulicheka sana siku zile. Sisi tulikuwa tunatania, kumbe mwenzetu alikuwa anasikiliza na kuweka akilini.

Sasa naomba niyaeleze malalamiko yangu moja baada ya jingine, kama nilivyozoea kuandika upungufu wa magunia.

1. Kuhusu shikamoo. Aliyeanzisha balaa hili ni mdogo wangu Tadei, ambaye anachimba mawe ya thamani huko Tunduru na hajapata jiwe. Kila akija humpigia mtoto goti na kusema, "Shikamoo, Mama." Naye alifundishwa kujibu, "Marahaba mwanangu, umeniletea nini?" Watu wakawa wanashika mbavu. Leo ana miaka minane na haamkii kiumbe. Nikimwambia amwamkie mzee aliyepita, anasimama, ananyoosha shingo na kusubiri aamkiwe yeye. Mwalimu wake aliniita shuleni. Darasa zima likisimama na kusema, "Shikamoo mwalimu," yeye yuko upande wa kuitikia. Nilimweleza mwalimu kwamba si utundu, ni ukoo. Aliniuliza kama nina kazi yoyote ya kufanya.

2. Kuhusu fimbo. Baba, sitaki ufikiri sijajaribu. Samaki mkunje angali mbichi, hilo nalijua, ila samaki wangu mimi ana jina la mama yangu. Siku alipomwaga unga wote wa vitumbua vya Lidwina uani, ati anawapa kuku chakula cha mchana, nilikata fimbo ya mpera. Kwa kuogopa laana nilipanga kumwomba radhi kwanza, ndipo nimchape. Nikasema, "Mama, unisamehe." Akasema, "Nimekusamehe," akaenda zake kucheza. Nilibaki na fimbo mkononi. Safari ya pili sikuomba radhi. Niliinua mkono moja kwa moja, naye hakukimbia wala hakulia. Aligeuka, akaweka mikono kiunoni na kusema, "Kaje. Weka fimbo chini." Mtu pekee duniani anayeniita Kaje ni mama yangu. Fimbo ilianguka kabla sijaamua kuiangusha. Kisha akanituma maji ya kunywa, nami, Baba, nilikuwa nimekwisha kufika kwenye mtungi ndipo nikakumbuka kwamba mimi ndiye baba.

3. Kuhusu mke wangu. Ungedhani mama wa mtoto angesaidia. Lidwina anasema yeye haingii kwenye kesi hii, maana kwake yule si mtoto, ni mama mkwe. Hawezi kumtuma mama mkwe kisimani mbele za watu. Hawezi kumwambia mama mkwe kwamba ananuka jasho. Akipakua humpa yeye kwanza, na kipande cha nyama kilichokuwa kikinijia mimi wakati nina mshahara siku hizi kinapita mbele yangu kikielekea kwa mama mkwe. Nimemwambia haya ni mambo ya utani, yana mpaka. Akanijibu kwamba wakati mama yangu wa kweli alipokuja hapa na kusema mboga haina chumvi, nilimwambia Lidwina avumilie kwa kuwa mama ni mama. Basi, anasema, anavumilia.

Na mama mwenyewe akija kututembelea ndipo mambo huharibika kabisa. Lidwina akiwa na neno la kumwambia, hamwambii yeye. Humwambia mtoto. Husema kwa sauti ya upole, "Mama mkwe, mbona siku hizi unapenda kuchungulia vyungu vya watu?" Mama kule kwenye mkeka anasikia, naye anamwambia mtoto, "Somo yangu, waambie wanaopika wafunike." Mtoto yuko katikati anakula karanga za pande zote mbili. Mwezi wa sita nilimwambia mtoto, kwa hasira, kwamba Kunegunda ni mchoyo na ana roho mbaya. Nilikuwa namsema aliyenyakua chungwa la jirani. Mama alifunga kitambaa chake, akachukua ugoro wake, akatembea mpaka stendi, na ilinibidi nimtume Tadei na kuku wawili kwenda kumtuliza.

4. Kuhusu choo. Hili ni fupi. Nilimwita mwongo, naye kweli alikuwa amesema uongo. Nilipoingia chooni akafunga kulabu kwa nje. Alisema nitatoka nikimwomba msamaha, kwa sababu hakuna mtu anayemwita mama yake mwongo halafu akaenda haja kwa amani. Jirani zetu wote waliokuwa wakienda sokoni walinisalimia kupitia mlangoni, na kila mmoja aliuliza habari za nyumbani. Niliomba msamaha.

5. Kuhusu Amri ya Nne. Baba, hapa naomba nikukosoe kidogo, kwa upole. Katika mafundisho ya Komunyo umewafundisha watoto waheshimu baba na mama. Ni amri nzuri na mimi nimeishi kwa hiyo. Lakini mtoto wangu amerudi nyumbani na kuniambia kwamba Mungu mwenyewe ameniamuru nimheshimu yeye. Nilimwambia amri ile inawahusu watoto. Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikasema wa Kunegunda. Nilimwendea katekista nikamwomba aifafanue amri hiyo upya, aweke na majina. Aliniambia nyumbani kwake ana matatizo yake.

6. Kuhusu Bwana Rupert. Hili ndilo limenifanya nishike kalamu, na hapa sicheki hata kidogo.

Bwana Rupert alikuwa meneja wetu. Jumapili iliyopita alikuja kwangu na gari, nami nilifurahi, kwa sababu mkubwa hafiki kwa mtu bure. Nilimpa kiti chenye egemeo na nikamwagiza Lidwina achinje. Bwana Rupert akanieleza kwamba hizi nyumba za shirika zimebinafsishwa, kwamba zimepata mwenyewe, na kwamba Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu litakuja lori kuzisafisha. Nilimwuliza kusafisha ni nini. Akasema kusafisha ni sisi kutoka. Nikasema, "Ndiyo, mzee." Aliyezinunua ni nani hakusema, wala sikumwuliza, maana kumwuliza mkubwa ni kumtuhumu. Jirani husema amezinunua yeye mwenyewe kwa jina la shemeji yake. Hayo ni maneno ya watu waliopunguzwa, na mtu akipunguzwa hubaki na mdomo.

Ndipo mtoto akaja. Kwanza alisimama mbele ya Bwana Rupert akingoja shikamoo yake. Bwana Rupert hakutoa. Mtoto akanigeukia na kuuliza kama huyu mgeni ni bubu. Nikamwambia huyu ni meneja. Akamwuliza, "Ni wewe umenunua nyumba yetu?" Bwana Rupert akapaliwa na paja la kuku. Mtoto akasubiri amalize kukohoa, kwa adabu ambayo sijawahi kuiona, kisha akamwuliza, "Kwani kwenu hakuna nyumba?"

Baba, nilitamani ardhi ipasuke. Niliomba radhi nikiwa nimesimama, kisha nikaomba radhi nikiwa nimeinama. Nilimsindikiza Bwana Rupert mpaka garini nikiomba radhi, na gari lilipoondoka niliendelea kidogo nikiwa peke yangu barabarani. Maisha yangu yote ni ya utii, na mtoto wa miaka minane ameyachafua kabla ya kuku kuisha.

Maana mimi, Baba, ni mtu wa kutii, na uniruhusu nilieleze hilo ili ujue hasara yangu. Nilipoambiwa nikapige makofi uwanjani nilipiga mpaka viganja vikavimba. Nilipoambiwa karani wa ghala kufanya biashara ni dhambi, niliacha kuuza hata mayai. Nilipoambiwa sasa ni ruksa, nilikuwa nimekwisha kuzoea kuacha. Waliokuwa wakiuza mayai kwa siri ndio leo wana mashine za kusaga. Tulipoambiwa shirika lina hasara sikusema kwamba ghala lilikuwa limejaa tumbaku na niliifungia mlango mimi mwenyewe, kwa sababu sikuulizwa. Nilipoambiwa nimepunguzwa nilishukuru kwa maandishi. Hivyo ndivyo nilivyofika hapa nilipo, Baba, na ningependa mwanangu naye afike.

7. Kuhusu haraka yangu. Baada ya lori hatuna pa kwenda isipokuwa Hanga, kwa mama. Nyumba ya mama ina chumba na sebule. Fikiri mwenyewe, Baba. Kunegunda wawili chini ya bati moja. Nikisema, "Kunegunda, nyamaza," atanyamaza yupi, na yupi atachukua mwiko? Nikisema, "Mama, njoo ule," watakuja wawili na chakula ni cha mmoja. Nikimsema mdogo nimemtukana mkubwa, nikimsifu mkubwa mdogo atapanda juu ya paa. Mimi mwanamume wa makamo, sina kazi, sina nyumba, nitaishi na mama wawili na mke anayewapokea wote kama wakwe. Wamonaki wa pale Hanga waliapa kukaa kimya kwa hiari yao. Mimi nitakaa kimya bila hata kuapa.

Ndiyo maana jina libadilishwe kabla hatujahama.

Najua ubatizo haurudiwi. Hilo nililisoma katika katekisimu na sibishi, mimi si mtu wa kubisha. Lakini siombi maji, Baba. Maji yabaki palepale yalipomwagika. Naomba jina tu. Mbona siku hizi kila kitu kinabadilishwa jina bila maji? Duka la ushirika la pale kona limekuwa baa na wala hakuna padri aliyeitwa. Ujamaa umekuwa soko huria. Kufukuzwa kumekuwa kupunguzwa, kutolewa nje kumekuwa kusafishwa. Kama nchi nzima imeweza, mtoto mmoja wa Bombambili ana ugumu gani?

Nimelifikiria sana jina lifaalo, na si kazi nyepesi, kwa sababu lazima liwe la mtu ambaye naweza kumchapa bila kupata laana.

Nilianza na Walburga, mama mzazi wa Lidwina, mwanamke mpole ambaye tangu nimjue hajamjibu mtu. Nikaona ningepata mtoto mtulivu. Lakini huyo ni mama mkwe wangu mimi! Mbele yake hata kutafuna siwezi. Nikimwita mtoto Walburga itabidi nile nje mpaka aolewe. Nikaenda kwa shangazi Severina. Huyu ana ulimi wa laana unaojulikana mpaka Namtumbo, na mtu aliyemnyima chumvi mwaka ule hajapata mvua shambani kwake hadi leo, ingawa majirani zake wote wanapata. Marehemu dada yangu Oliva sithubutu, kumchapa aliyekufa ni kutafuta usiku mbaya. Watakatifu nao wako mbinguni karibu na Mungu, na mimi huku nina maombi mengi yaliyosimama, sitaki kuongeza maadui juu kule.

Basi nikapata jina. Naomba mtoto aitwe Ruperta.

Usifikiri ni kwa ubaya. Bwana Rupert namheshimu. Nimemheshimu kwa miaka yote niliyokuwa chini yake, na nikimwona hata leo goti linainama lenyewe. Lakini nilipojichunguza, kama unavyotufundisha tujichunguze kabla ya kitubio, niliona kwamba heshima hiyo iko gotini na mdomoni, na mkononi haijafika. Nimefanya majaribio. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikiwa na fimbo ya mpera, nikausimamia mgomba, nikausemea polepole jina la Rupert, ili nione kama mkono utakataa kama unavyokataa kwa Kunegunda. Mkono haukukataa. Baba, mgomba ule sasa umebaki nyuzi za kufungia samaki. Lidwina alitoka kuuliza ni nani anapiga kelele za namna ile, akanikuta natokwa na jasho na kusema maneno kuhusu tumbaku. Kwa hiyo ninao uhakika kwamba mtoto akiwa Ruperta atapata malezi bora.

Kama utaona haya kulitangaza kanisani, unaweza kulitamka sakristiani mlango ukiwa umefungwa. Mimi nitamleta mtoto. Naomba tu uwepo na watu wawili wenye nguvu, na vitu vya kioo viondolewe.

Nimemaliza malalamiko, sijamaliza matumaini. Nakutakia afya na uvumilivu katika shamba la Bwana. Uwasalimie masista wote, na yule wa zahanati mwambie mkono alioung'ata mtoto wangu tunauombea. Msalimie katekista na matatizo yake ya nyumbani, wasalimie akina mama wa WAWATA, mpishi wa parokia, mlinzi, na wanakwaya isipokuwa yule wa sauti ya tatu anayenidai jembe lake. Lidwina anakusalimia. Kunegunda anasema yeye anangoja umsalimie.

Ni mimi mwana wako katika Kristo, mtiifu kuliko wote niwajuao,

Kajetani Luambano

N.B. Leo ni Jumapili, Baba, na barua hii bado ninayo. Nilipoileta Jumatano niliambiwa umekwenda vigangoni. Ikakaa mfukoni, na jana lori likaja.

Nakueleza mambo yalivyokuwa. Nilikuwa nimejiandaa tangu alfajiri. Lilipopiga honi, vitanda nilikuwa nimekwisha kuvitoa mwenyewe, na magodoro nimeyakunja, ili vibarua wasichoke. Jirani zangu wote walikuwa wanatoa vyao. Bwana Rupert alisimama kwenye kivuli cha lori akaniambia, "Safi sana Kajetani, wewe ni mfano." Nami nilifurahi, Baba, nakwambia ukweli, nilifurahi.

Kunegunda alikuwa ameingia ndani kuchukua kigoda. Akafunga komeo. Nilimwita kwa jina, nikamwita Mama, nikamwahidi chungwa. Alisema neno moja tu: sitoki. Lidwina akakaa chini juu ya godoro pale uani na kuanza kulia. Nilidhani analia kwa aibu. Akaniambia halii kwa aibu, analia kwa sababu kati yetu sote hapa nje hakuna hata mmoja aliyelisema neno hilo.

Bwana Rupert akawaamuru vibarua wavunje mlango. Wawili wakaja na mtaimbo. Ni vijana wa kuokotwa stendi asubuhi ile, hawatujui. Mmoja akaupachika mtaimbo penye komeo, na kutoka ndani ikaja sauti ya kikongwe cha Hanga, nzito, ya mtu aliyeamshwa usingizini, ikiuliza ni wana wa nani hao wanaomgongea, na kama kwao walilelewa na mbuzi. Kijana akautoa mtaimbo kama umepata moto. Akasema, "Bosi, humu mna bibi." Bwana Rupert akasema hamna bibi, ni kitoto kitundu. Yule kijana akasema yeye sauti ya bibi anaijua, na mlango wa bibi havunji kwa pesa yoyote, kwani yeye bado hajazaa na angependa kuzaa. Bwana Rupert akanigeukia na kuniambia, "Kajetani, waambie hawa wajinga ni nani yumo ndani."

Watu wote wakanitazama. Nilifungua mdomo ili niseme, "Ndiyo, mzee," kama siku zote. Nikasikia nasema, "Ndani yumo mama yangu."

Sikusema uongo. Wewe ni shahidi, wewe ndiye uliyembatiza.

Akauliza tena, kwa ukali ule wa ofisini, nami nikasema tena, safari hii kwa sauti kubwa, na nikaenda nikasimama mlangoni. Vibarua walipanda lori wakakaa. Jirani wa nyumba ya tatu akaanza kurudisha kabati lake ndani, halafu wa nyumba ya tano, halafu nikawaona wote. Na yule wa kwanza ndipo akauliza, "Bwana Rupert, hivi aliyenunua ni nani?" Lori limerudi tupu. Bwana Rupert amesema kesho Jumatatu atakuja na polisi, na huenda kweli akaja, yeye ni mtu wa kutimiza.

Kwa hiyo, Baba, naomba barua hii uichane ukiisha kuisoma. Jina lisiguswe. Naileta tu ili ujue ni nani yuko ndani ya nyumba ile, na ili nikuombe jambo dogo: kesho asubuhi ufike Bombambili na kanzu yako, usimame barabarani na sisi. Sina uhakika kama inaruhusiwa. Sikuuliza.

Vitanda vyetu tumevirudisha. Mchana huu nimemwambia mtoto kwamba kesho ni siku ya shule na aende mapema. Amesema haendi. Nimekwenda kwa mwalimu wake kumwombea ruhusa.

K. L.